Shajara ya mradi wa santuri za kwaya za Krismasi, Moshi

Juni

Mradi huu una kazi mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni kuzihamisha santuri za zamani za kwaya za Krismasi zilizobaki majumbani Moshi mjini na vijijini mlimani, kutoka kwenye sahani kwenda kwenye faili za kompyuta, kabla joto, vumbi na mapaa yanayovuja havijazimaliza. Ya pili ni kuandika, pamoja na kila santuri, habari za watu walioisikiliza. Kazi hii ya pili ndiyo inayonifanya niweke shajara badala ya orodha tupu, kwa sababu nyingi kati ya santuri hizi zina nakala safi zaidi kwenye hifadhi za Ulaya na Marekani. Kinachokosekana huko ni namna zilivyosikika kwenye sebule ya mchungaji kule Old Moshi, na nani alijifunza sauti yake ya pili akiwa amekaa sakafuni mbele ya spika.

Tulipotangaza baada ya ibada kwamba tunatafuta santuri za Krismasi, za kwanza kuletwa zilikuwa za Jim Reeves, ile albamu ya mwaka 1963, na nyuma yake zikaja za Boney M za mwaka 1981. Tulizitarajia. Mtu yeyote aliyeshuka kwenye basi katika stendi ya Moshi wiki ya mwisho ya Desemba, wakati Wachaga waliotawanyika nchi nzima wanaporudi nyumbani kuhesabiwa, amezisikia sauti hizo zikitoka duka moja hadi jingine. Tumezipokea kwa shukrani na kuziandikisha, kisha tumewaeleza wenyewe kwamba zitasubiri, kwa kuwa tunashughulika kwanza na santuri za kwaya, na tofauti iliyopo kati ya aina hizi mbili si ndogo.

Mwimbaji mmoja anapoimba kwenye santuri, msikilizaji humsikiliza au humwiga. Kwaya ya sauti nne inapoimba, nafasi ya msikilizaji imekwisha kuandaliwa: aliyelelewa kwenye sauti ya tatu huisikia sauti ya tatu kabla ya nyingine yoyote, hata pale sauti ya kwanza inapokuwa imepanda juu na kufunika kila kitu. Nimeliona jambo hili kwa karibu kila mzee tuliyemchezea sahani katika maandalizi ya mradi. Midomo huanza kutembea, na kinachotoka si kiini cha wimbo kinachojulikana na wote, bali ni ule mstari wake mwenyewe, wenye noti zinazokaa mahali pamoja muda mrefu na kushuka pale wenzake wanapopanda. Ninaamini hamu inayoamshwa na santuri hizi ni ya namna hiyo hasa, yaani hamu ya kurudi kwenye mstari wako katikati ya wenzako, ambao baadhi yao wamekwisha kututangulia.

Julai

Makasha yamefunguliwa yote na kila santuri imeandikwa. Kwa jumla zilifika huku kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya Kijerumani. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na koral za Kijerumani za sauti nne, yaani nyimbo za ibada za kanisa, walizokuja nazo zikawa msingi wa uimbaji wa Kilutheri mlimani. Mji huohuo wa Leipzig ndio wenye kwaya ya wavulana ya Thomanerchor, ambayo historia yake inaanzia mwaka 1212. Mtunzi Johann Sebastian Bach aliiongoza tangu mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1750, na oratorio yake ya Krismasi, yaani habari ya Biblia iliyotungiwa muziki wa kwaya na orkestra, iliimbwa kwa mara ya kwanza katika makanisa ya mji huo kwenye sikukuu za Krismasi ya mwaka 1734 na siku za mwanzo za mwaka uliofuata. Santuri tulizopata za kwaya hiyo zina nembo ya Eterna, iliyokuwa ya kampuni ya serikali ya Ujerumani Mashariki. Mzee mmoja wa Machame alipoichezesha ya kwake mbele yetu, alitusimamisha pale kwaya ilipofika kwenye koral ya Krismasi ya Martin Luther, ambayo Bach aliitumia ndani ya oratorio hiyo. Wimbo ule aliujua kwa Kichaga tangu utoto, miaka mingi kabla hajaona santuri kwa macho. Kwake sahani ile haikuleta kitu kigeni. Ilimrudishia cha kwao kikiwa kimevaa tarumbeta na ngoma za orkestra.

Njia ya pili ni ya Marekani. Vita Kuu ya Pili ilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani, Walutheri wa Marekani, wengi wao wenye asili ya Skandinavia, walishika sehemu ya kazi yao, na familia zilizokuja miaka iliyofuata zilikuja na santuri zao. Humo tumekuta kwaya ya chuo cha St. Olaf cha Minnesota, iliyoanzishwa mwaka 1912 na F. Melius Christiansen na kusifika kwa kuimba bila ala. Tumemkuta pia Robert Shaw, kiongozi wa kwaya wa Kimarekani, ambaye mkusanyiko wake wa kwanza wa nyimbo za Krismasi ulitoka mwaka 1946, wakati wa sahani za mizunguko 78 kwa dakika.

Tarehe hiyo inafaa kuangaliwa, kwani miaka miwili tu baadaye, mwaka 1948, kampuni ya Columbia ilitoa sahani ya muda mrefu ya mizunguko 33 na theluthi moja. Upande mmoja wa sahani ya 78 ulibeba dakika tatu hadi tano, hivyo kila wimbo ulisimama peke yake na mtu alilazimika kuinuka, kugeuza sahani, na mara nyingi kubadilisha sindano. Upande wa sahani ya muda mrefu ulibeba dakika ishirini na zaidi. Kwa mara ya kwanza nyimbo za Krismasi ziliweza kufuatana kwa mpangilio uliokusudiwa na mwalimu wa kwaya, wa taratibu ukifuatwa na wa shangwe, na nyumba nzima ikakaa kimya kuzisikiliza. Wazee wanaposema kwamba walikuwa "wanakaa Krismasi", nadhani teknolojia hii ina mchango wake.

Uingereza imewakilishwa kwa uchache, ila kwa uzito. Kwaya ya King's College ya Cambridge ilianza ibada yake ya masomo tisa na nyimbo mwaka 1918, BBC ikaanza kuitangaza mwaka 1928, na santuri za ibada hiyo zikaanza kutoka miaka ya 1950. Ibada hiyo huanza saa tisa alasiri kwa saa za Uingereza tarehe 24 Desemba, ambayo huku ni saa kumi na mbili jioni, jua likikaribia kuzama na watu wakijiandaa kwenda mkesha. Wawili kati ya walioleta santuri walituambia kwamba kwenye nyumba zao redio ya masafa mafupi ilitangulia na santuri ikanunuliwa baadaye, ili ile sauti ya mtoto mmoja anayeanza peke yake wimbo wa maandamano isisubiri tena mwaka mzima wala kukatwa na mikwaruzo ya mawimbi.

Agosti

Mwezi wa usafi na mitambo. Ninaandika kwa ufupi.

Maji ya bomba hatuyatumii. Maji ya upande wa Arusha na Meru yanajulikana kwa wingi wa floraidi, na maji yoyote yenye madini yakikaukia kwenye mfereji wa santuri huacha chembe ambazo sindano itazisoma kama mlio. Tunatumia maji ya betri yasiyotiwa asidi, yale yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta, pamoja na tone la sabuni laini na brashi ya nyuzi nyembamba. Sahani za 78 hazipakwi spiriti hata kidogo, kwa kuwa zimetengenezwa kwa sheleki na spiriti huiyeyusha. Zina pia sindano yake, kwa sababu mfereji wake ni mpana takriban mara tatu kuliko wa sahani ya muda mrefu.

Faili tunazitunza bila kuzibana, kwa biti 24 na sampuli 96,000 kwa sekunde. Milio mikubwa ya mikwaruzo inaondolewa kwenye nakala ya kusikilizia tu. Hatutumii programu ya kufuta vumo lote, kwa maana katika majaribio iliondoa pamoja na vumo ile pumzi ambayo kwaya nzima huivuta kabla ya ubeti, na mwanakwaya yeyote anajua kwamba pumzi hiyo ndiyo inayomwambia aingie lini.

Septemba

Ndani ya boksi lililotoka kwa mjane wa mwalimu wa shule kulikuwa na kitu ambacho hatukukiomba, nacho ni kanda ya kaseti yenye maandishi ya kalamu ya risasi: Krismasi, kwaya, upande wa kwanza. Alitueleza kwamba marehemu mume wake aliirekodi miaka ya sabini katika nyumba ya familia ya kimisionari hapa Moshi, kwa kuweka redio kaseti mbele ya spika ya gramafoni yao, ili wanakwaya wapate kitu cha kujifunzia nyumbani. Kanda hiyo ilizunguka. Ilinakiliwa na kunakiliwa tena, na wazee wasiopungua wanne wa usharika wetu waliitambua kabla hatujawaambia imetoka wapi.

Santuri iliyorekodiwa tunayo pia. Ni sahani ya kwaya ya Kimarekani, na wimbo wake wa tatu, wimbo wa hori, ndio ambao kwaya yetu huuimba kila mwaka. Tulipovicheza vyote viwili kwa kufuatana, havikulingana. Kwenye santuri wimbo huo ni wa dakika 3, na unakaa kwenye ufunguo wa G. Kwenye kanda ni wa dakika 3 na sekunde 36, na unakaa kwenye E iliyolegea kidogo.

Dhana ya kwanza kwa mtu yeyote aliyewahi kumiliki redio kaseti ni betri zilizochoka, au kanda iliyovutika. Hata hivyo, betri dhaifu huyumbisha sauti na kuzidi kubadili mwendo wake kadiri muda unavyokwenda, wakati hapa tofauti ni ileile kutoka mwanzo wa upande hadi mwisho. Kisha ipo sauti ya mtu. Katikati ya ubeti wa pili, mtu aliyekuwa chumbani anasema, "Funga dirisha, mvua inaingia," na anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, wala si nzito wala si ya kuvuta. Chini yake kuna vumo la umeme ambalo kompyuta inalipima kuwa mitetemo 50 kwa sekunde, sawasawa na umeme wa Tanzania. Kanda, kwa hiyo, ilikuwa inakwenda kwa mwendo wake halali. Kilichokuwa kinazunguka polepole ni gramafoni.

Sababu ipo kwenye hesabu. Dakika 3 na sekunde 36 zikigawanywa kwa dakika 3 ni sita kwa tano, na sita kwa tano ndio uwiano wa umeme wa Marekani, wenye mitetemo 60 kwa sekunde, kwa umeme wa kwetu wa 50. Gramafoni nyingi za Kimarekani za wakati ule zilikuwa na mota inayofuata mitetemo ya umeme moja kwa moja. Familia iliyokuja na gramafoni kama hiyo ilihitaji transfoma ya kushusha volti, la sivyo ingeungua. Lakini transfoma hushusha volti tu, mitetemo inabaki vilevile. Mota iliyojengwa kwa 60 ikapewa 50, na sahani iliyopaswa kuzunguka mara 33 na theluthi ikazunguka karibu mara 28. Muziki wote ulishuka kwa nusutoni tatu na kidogo. Kwa wasomao solfa, yaani nota za do, re, mi, do ya santuri ilishukia mahali pa la yake ya chini.

Niliposikiliza tena nikiwa najua hivyo, nilielewa kwa nini kanda hii ilipendwa. Kila kitu kilichomo kimepanuliwa. Pumzi ni ndefu. Mwangwi wa jengo, ambao kwenye santuri unakufa upesi, hapa unachelewa kufa, na jengo linaonekana kubwa kuliko lilivyokuwa. Sauti ya nne inashuka mpaka chini ambako wanaume wachache sana duniani hufika. Wazee wetu wawili wamekuwa wakisema kwa miaka kwamba hakuna kwaya ya leo yenye besi za wale Wamarekani, zilizokuwa zinanguruma kama radi nyuma ya Mawenzi. Walisema kweli kuhusu walichokisikia.

Oktoba

Tulifanya kikao cha kusikiliza katika chumba cha mazoezi cha kwaya, wazee upande mmoja na vijana upande mwingine, mwalimu wa kwaya akiwa katikati na mwalimu mstaafu aliyemtangulia akiwa mgeni wetu. Baada ya salamu za shikamoo na sala, tulicheza kwanza santuri yenyewe, iliyosafishwa, kwa mwendo wake sahihi.

Vijana waliitikia mara moja kwa kuwa ndivyo wanavyousikia wimbo huo kwenye simu zao. Upande wa wazee ulikaa kimya. Mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye ameimba katika kwaya hiyo tangu akiwa msichana, alisema kwa upole, "Mwanangu, wimbo ni huo, ila mmeukimbiza." Tukacheza kanda. Kabla ubeti wa kwanza haujaisha alikuwa anaimba mstari wake, na wenzake wawili wakamfuata, na mwalimu mstaafu akaanza kupiga mapigo kwa kidole juu ya goti. Ulipokwisha, mama alisema, "Hapo sasa ndipo penyewe."

Kwaya yetu ina mvutano wa zamani kuhusu wimbo huu, na hakuna aliyejua chanzo chake. Kila Desemba wazee huuanza chini na polepole, vijana huuvuta juu na mbele, na mwalimu hulazimika kusimamisha. Nota zetu ni za solfa, na solfa humwambia mwimbaji umbali wa noti moja hadi nyingine bila kumfunga mahali pa kuanzia. Mahali hapo huandikwa kwa herufi juu ya karatasi, na wengi hawaiangalii, kwa sababu mwalimu hutoa sauti kwa mdomo na wote humfuata. Mwalimu mstaafu alitueleza kwamba yeye alikuwa akiitoa sauti hiyo kutoka kwenye kumbukumbu ya kanda. Hivyo gramafoni moja ya Marekani, kwenye umeme usiokuwa wake, ikaweka ufunguo na mwendo wa wimbo katika usharika mmoja wa Moshi kwa takriban miaka hamsini.

Kijana mmoja aliuliza swali ambalo nimelibeba nyumbani: je, tuirekebishe kanda? Kompyuta inaweza kuirudisha kwenye G kwa dakika moja, na tutakuwa na wimbo kama kwaya ya Marekani ilivyouimba. Wahifadhi wa sauti wana kanuni nzuri kwamba santuri ichezwe kwa mwendo iliyorekodiwa, nami ninaifuata kwa kila santuri tuliyo nayo. Lakini kanda hii si nakala mbovu ya santuri. Ni rekodi kamili ya jambo jingine, yaani mchana mmoja wa mvua ya vuli Moshi ambapo watu fulani waliusikia wimbo huu. Walichokipenda, wakakifundisha, wakazeeka nacho, ni hiki kilichomo kwenye kanda. Nikiirekebisha nitakuwa nimehifadhi kumbukumbu ya Wamarekani mara mbili na kuifuta ya kwetu.

Tumeamua hivi. Faili ya santuri inabaki kwa mwendo wake, kwenye G. Faili ya kanda inabaki kama ilivyo, pamoja na mvua na dirisha, na maelezo ya mitetemo ya umeme yameandikwa kando yake ili anayekuja baadaye asije akaisahihisha kwa nia njema. Kwa kila santuri nyingine tutakayoipokea, fomu yetu sasa ina maswali ya ziada: ilichezwa kwenye mtambo gani, ulitoka nchi gani, na umeme ulitoka wapi, kama ni wa gridi, wa jenereta au wa betri. Maswali hayo yamekwisha kuleta habari za gramafoni ya kuzungusha kwa mkono huko Mamba, ambayo mwendo wake ulipungua kila springi ilipolegea, na bibi aliyeimiliki bado huimba beti za mwisho taratibu kuliko za kwanza.

Novemba

Kazi iliyobaki kabla ya Krismasi ni ndogo, kazi iliyobaki baada yake ni kubwa. Bado tunatafuta kanda za vipindi vya Sauti ya Injili. Kituo cha Radio Voice of the Gospel kilianza kurusha matangazo kutoka Addis Ababa mwaka 1963 na kutaifishwa na serikali ya kijeshi ya Ethiopia mwaka 1977, na kwa miaka hiyo vipindi vya Kiswahili vilivyotayarishwa katika studio ya Moshi vilisafiri kwenda Ethiopia na kurudi kwa masafa mafupi. Kwaya za hapa zilirekodiwa humo. Yeyote mwenye kanda ya redio yenye nyimbo za Krismasi za miaka hiyo, hata kama sauti inapotea na kurudi, tunamwomba asiitupe.

Kuhusu haki, santuri za kampuni hatutazisambaza. Zitasikilizwa kwenye kompyuta ya chumba cha mazoezi, na tutaiandikia Ofisi ya Hakimiliki Tanzania kuomba mwongozo kabla ya hatua yoyote nyingine. Kanda ya marehemu mwalimu ni jambo pana zaidi, kwa kuwa ndani yake kuna muziki wa kampuni na sauti za watu wa nyumba ile, na mjane wake ametupa ruhusa ya sehemu iliyo yake.

Mwalimu wa kwaya amechapa upya karatasi za wimbo wa hori kwa ajili ya mkesha. Noti ni zilezile, kila sauti imebaki na mstari wake, na juu, mahali palipokuwa pameandikwa Do = G, sasa pameandikwa Do = E. Vijana wa sauti ya nne wameanza mazoezi Jumanne, wakiwa na mwalimu mstaafu, kuona ni wangapi kati yao wanaweza kufika chini kule.